Mtamba kwa Mkanda wa Saa

Watu wakianza kubishana mbele yangu kama mkanda wa saa uliotengenezwa na kampuni yenyewe ya saa unastahili bei yake, au kama ngozi ni ngozi tu, mimi husimama nikaangalie chungu jikoni, hata kama jikoni hakuna chungu. Wanangu wamenizoea. Mkwe wangu mmoja, mtu wa saa na viatu vya kung'aa, aliwahi kuniuliza kwa nini nakimbia mazungumzo mazuri. Nilimjibu kwamba nyumbani kwetu tulinunua mkanda wa namna hiyo kwa bei ya mtamba, na kwamba ngozi yake haijapasuka mpaka leo. Alifurahi sana, akadhani nimemuunga mkono.

Baba yangu alikuwa mchanjaji wa ng'ombe. Alifanya kazi na daktari wa mifugo hapa Bunia, akizunguka vijiji vya Djugu na kushuka upande wa ziwa na sanduku lake la sindano. Sisi ni watu wa ng'ombe tangu babu zetu, na ingawa tulikaa mjini katika nyumba ya bati, nyuma ya nyumba kulikuwa na zizi dogo, na ng'ombe wengine walikuwa juu milimani kwa baba zangu wadogo. Miaka ya sabini ilipoanza, yule daktari, Mzungu, alirudi kwao. Siku ya kuondoka alivua saa yake akamfunga baba mkononi mbele ya watumishi wote. Ilikuwa saa ya Uswisi, nyembamba, yenye uso mweupe. Mkanda wake ulikuwa umechoka, na mvua za kwanza ziliumaliza. Baba akamwendea fundi wa ndara sokoni, akakatiwa mkanda wa ngozi ya ng'ombe, mnene, wenye kingo zilizopinda na rangi ya udongo.

Kwa mkanda huo saa ilikaa kimya miaka mingi. Baba alipita vizuizi vya askari kwenye njia ya Nizi, kule kwenye dhahabu, ambako watu walipekuliwa mpaka ndani ya soksi, na hakuna askari aliyemwambia avue saa. Waliona ile ngozi wakaona mtu wa ng'ombe, wakamfungulia njia. Mama yangu alielewa jambo hilo kabla yetu sote.

"Ile ngozi mubaya njo inalinda saa," alisema.

Baba alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka kabla ya kusikiliza, na tabia hiyo nimeirithi, ila mimi siku hizi nacheka kidogo.

Aliyeharibu mambo alikuwa Mgiriki mmoja mwenye duka kwenye barabara kubwa. Baba alikwenda kwake kununua chumvi ya ng'ombe, Mgiriki akaushika mkono wake juu ya meza, akaugeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Muzee, hii saa ni mali," alimwambia. "Lakini hii mukaba ni matusi."

Mukaba ndivyo tunavyoita mkanda kwetu. Mgiriki akamweleza kwamba kampuni ya saa ile hutengeneza mikanda yake yenyewe, ya ngozi ya ndama aliyechaguliwa, inayoshonwa kwa mkono, yenye bizimu iliyopigwa chapa, na kwamba upande wa ndani, ule unaogusa mwili, huandikwa jina la kampuni. Alikuwa na ndugu Ulaya, angeweza kuagiza. Kisha akataja bei. Baba alirudi nyumbani bila chumvi.

Bei ile ilikuwa bei ya mtamba, tena mtamba mzuri, anayekaribia kupandwa. Mtu yeyote mwenye akili angesahau habari hiyo palepale dukani. Lakini mwaka huo wakwe zangu walikuwa njiani. Nilikuwa nimeposwa na kijana wa upande wa Mahagi, mtoto wa wafanyabiashara wa samaki, watu wa kanisa na wa pesa, na baba aliona aibu kwamba watamkuta mchanjaji mwenye ngozi mbovu mkononi. Alisema siku ya mahari macho yote hutazama mkono unaopokea.

Mama alikuwa anakama. Hakuinua kichwa.

"Unauzisha mutamba juu ya kununua kamba?"

"Haiko kamba, mama. Ni mukaba ya saa."

"Kitu yenye kufunga ni kamba," alisema mama. "Na ile saa iko inakaa kimya. Weye unataka iseme."

Nilikuwa upande wa baba. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nilitaka baba yangu ang'ae mbele ya watu wa Mahagi, na nilimwona mama kama mtu anayekataa furaha kwa sababu tu hakuizoea. Mtamba aliuzwa. Mvua zilikuja zikaisha, na mkanda ukafika katika kisanduku kidogo, umelazwa juu ya kitambaa kama mtoto mchanga. Ulikuwa mweusi, laini, na uzi wake ulikuwa mdogo hata jicho lilichoka kuufuata. Baba alinisimulia kwamba Mgiriki alipomfunga dukani alimpiga begani, akasema, "Muzee, hii itakuzika." Alitaka kusema kwamba mkanda utadumu kuliko yeye. Wafanyabiashara wote husema hivyo juu ya vitu vyao, na baba aliyarudia maneno hayo nyumbani kwa majivuno. Mama aliweka sufuria chini akafanya ishara ya msalaba.

Sasa lazima niseme habari ya kamba, kwa sababu bila hiyo hakuna atakayeelewa kosa letu.

Nyumbani kwetu ng'ombe akitoka zizini, awe ameuzwa, ametolewa zawadi au mahari, hatoki na kamba yake. Anafunguliwa mlangoni, na kamba inatundikwa kwenye msumari. Anayempokea huja na kamba yake mwenyewe. Tunasema ng'ombe anatoka, kamba inabaki, ili baraka isimfuate nje, na ili yule mnyama, au mwingine wa uzazi wake, siku moja ajue njia ya kurudi. Tena kuna heshima ndani yake. Ukimpa mtu ng'ombe pamoja na kamba, ni kama umemwambia mbele ya watu kwamba ni fukara, hana hata kamba ya kufungia. Watu wamewahi kukosana kwa miaka kwa sababu ya mjinga mmoja aliyesahau kufungua kamba.

Siku ya mahari wakwe walikuja na ng'ombe wao, na jambo hilo lilifanyika mbele ya wote. Watu wa Mahagi walielekezwa, wakafungua kamba zao mlangoni wakazikunja, na baba zangu wadogo wakawafunga ng'ombe kwa kamba zetu. Wageni walicheka, wakasema kumbe sisi hata kamba tunazipenda hivi, na sisi tukacheka nao. Ilikuwa siku nzuri. Naikumbuka kwa uchungu kwa sababu ilikuwa nzuri.

Wakwe walikuwa wamekuja na mgeni ambaye sisi hatukumwalika. Walimleta ili kuongeza uzito wa ujumbe wao. Alikuwa mtu aliyetumwa Bunia kutoka mji mkuu, mwenye gari jeupe na dereva. Kazi yake hasa hatukuijua. Wengine walisema ni mambo ya dhahabu, wengine walisema ni masikio ya watu wa juu, na hakuna aliyemuuliza, maana siku zile mtu ambaye kazi yake haijulikani ndiye aliyeogopwa kuliko wote. Tulimwita Mukubwa tu. Alikuwa mnene kidogo, mwenye sauti ya chini, suti yake ya abakosi imenyooshwa vizuri. Wakati kamba zinafunguliwa mlangoni yeye alikuwa amepewa kiti chini ya turubai, mgongo kwa zizi, anakula.

Baba aliketi karibu naye. Niliwaletea maji ya kunawa, kwa hiyo nilisikia kwa masikio yangu.

"Sitwayen," alisema Mukubwa. Maana yake raia, jina ambalo wakati huo kila mtu aliitwa, mkubwa kwa mdogo. "Mukaba yako ni kitoko."

Kitoko ni Kilingala, yaani nzuri. Baba alishukuru, akanyoosha mkono ili mkanda uonekane vizuri zaidi. Baadaye Mukubwa alipoinuka kwenda zake, aliushika mkono wa baba kama anaaga, lakini hakuuachia. Aliugeuza, akafungua bizimu kwa kidole kimoja, akasoma jina lililoandikwa upande wa ndani. Kisha akaifunga tena mwenyewe, taratibu, katika tundu lilelile.

"Ya kweli," alisema. "Kumbe na saa ni ya kweli."

Watu wa ng'ombe hatuhitaji kufundishwa maana ya hayo. Mkubwa akisifia ng'ombe wako mara ya kwanza, unashukuru. Akimsifia mara ya pili, unaanza kumfikiria huyo ng'ombe kama wa mtu mwingine. Mama alikuwa amesimama pale na sinia, akaona yote. Wageni walipoondoka hakumgombeza baba, na kwa kweli ningependa angemgombeza.

Kwa wiki nyingi hakikutokea kitu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, na mimi nakwambia kimya kile nilikisikia. Gari jeupe lilianza kupita njia yetu, ambayo haikuwa njia ya kwenda popote. Lilipita polepole, vumbi lake likikaa juu ya majani ya migomba yetu, na ndani kulikuwa na dereva peke yake, au dereva na mtu aliyeegemea nyuma. Halafu dereva akaanza kununua maziwa kwetu. Alikuwa kijana wa mbali, mwenye adabu, alilipa bila kuvutana bei. Kila alipokuja aliulizia afya ya watu wote, na mwisho, akiwa tayari ameshika chupa yake, aliuliza kama saa ya muzee inatembea muzuri.

"Inatembea," mama alijibu kila mara.

"Mukubwa atafurahi."

Siku ya kwanza niliona ni upuuzi. Siku zilizofuata nilianza kuogopa mlio wa gari hata lisipokuwa lake. Baba alibadilika. Alikuwa ameacha kucheka. Kazini waliondoa jina lake kwenye safari za ziwa bila kumwambia sababu, na mtu waliyezoea kunywa chai pamoja akawa na haraka kila walipokutana. Jirani mmoja alimwambia mama kwenye kisima kwamba mume wake afikirie watoto. Hakusema afikirie nini, na mama hakuuliza.

Mwishowe mama alisema mwenyewe, asubuhi moja, baba akiwa anakunywa uji.

"Papa, mupe. Saa si mutoto."

Baba alikaa na kikombe mkononi mpaka uji ukapoa. Aliipenda saa ile. Ilikuwa kitu pekee alichowahi kupewa na mtu kwa sababu ya kazi yake nzuri. Lakini alikuwa mtu wa ng'ombe, na alijua kutoa. Alileta sanduku lake la sindano, akachagua moja nyembamba, akaanza kusukuma vile vijiti vidogo vya chuma vinavyoshika mkanda kwenye saa. Niliketi karibu nikimtazama. Mkono huo ulikuwa umechanja maelfu ya ng'ombe. Mkanda ukatoka. Akaupaka siagi kidogo kwa kidole gumba, kama alivyopaka kamba za ngozi ili zisikauke, akautundika kwenye msumari wa kamba karibu na mlango wa zizi. Saa akaifunga katika kitambaa cheupe, akavaa koti lake la kanisani, akaipeleka mwenyewe.

Naomba nieleweke. Hakufanya hivyo kwa ujanja, na hakufanya kwa uchoyo. Kama angekuwa mchoyo wa mkanda, angempa Mukubwa saa pamoja na ile ngozi ya udongo, ambayo bado tulikuwa nayo. Alitoa saa kama mtu anavyotoa ng'ombe bora wa zizi lake kwa mtu anayemheshimu. Aliamini kwamba mkubwa wa namna ile hawezi kukosa kamba yake mwenyewe. Mama naye aliona mkanda ukining'inia pale, akapita. Kwake pia ilikuwa sawa. Sisi sote katika nyumba ile, tuliokuwa tumeogopa kila kitu kwa miezi, hatukuogopa jambo hilo moja.

Baba alirudi mapema. Mukubwa alikuwa ametoka, lakini dereva alipokea na kuahidi kumfikishia. Jioni hiyo baba alicheka tena, akamtania mama kwamba sasa itabidi yeye ndiye amwambie ni saa ngapi. Tulilala vizuri.

Siku chache baadaye dereva alikuja bila chupa ya maziwa. Alisimama nje ya mlango wa zizi, kofia mkononi.

"Muzee, Mukubwa anauliza. Mukaba iko wapi?"

Baba alikuwa anamwekea ndama majani. Alitabasamu, kama unavyomtabasamia mgeni asiyejua desturi, akamwonyesha msumari.

"Umuambie kwa siye ngombe inatoka, kamba inabaki. Mwenye anapokea anakuya na yake."

Dereva hakutabasamu. Alitazama msumari, akatazama barabara alikoacha gari.

"Muzee, mi nimuambie ile maneno?"

"Vile nimesema."

"Muzee, nakuomba. Unipatie tu mukaba, niende nayo."

Na hapa ndipo ninapobaki kila mwaka, mahali hapa penye mlango wa zizi, kijana yule akimsihi baba yangu. Angempa. Angeinua mkono tu, msumari ulikuwa karibu. Lakini baba alikasirika. Alisema hawezi kumtukana mtu mkubwa kwa kumtumia kamba kama maskini, na kwamba kama Mukubwa hajui desturi za mahali, basi ataambiwa, si kosa kuambiwa. Alisema kwa sauti. Baba, mwalimu wa desturi zetu, alikuwa amempata mwanafunzi, na hakumwachia. Dereva alivaa kofia yake akaenda, na sijui aliyapeleka maneno yale kwa namna gani. Nimewaza labda aliyalainisha. Nimewaza pia kwamba katika sikio la mtu asiyetujua hayawezi kulainishwa: nimekupa, lakini kamba ninayo mimi.

Walikuja asubuhi, baada ya kukama. Watu wawili, si askari, wamevaa vizuri. Walisema muzee anaitwa kuelezea kitu kidogo, atarudi chakula cha mchana. Mama aliunyakua mkanda kwenye msumari akausukuma ndani ya kiganja cha baba.

"Uende nayo. Nakuomba, umupe."

Baba aliutazama. Sijui aliona nini usoni mwa wale watu wawili, maana hasira ya siku zile ilikuwa imemtoka, na alikuwa mpole kabisa. Alirudi hatua moja ndani, akautundika tena mahali pake. Akaunyoosha ili bizimu ielekee nje.

"Kamba inabaki, mama," alisema. Halafu akanigusa kichwa akapita.

Nilikuwa na hasira naye wakati ule, na ninayo mpaka sasa. Nilidhani ni ubishi. Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa kwamba wakati anasema hivyo alikuwa hazungumzii tena saa.

Mchana haukurudi naye. Mama aliufunga mkanda katika pindo la kikwembe chake, akaniambia nivae viatu, tukaenda kwa miguu mpaka nyumba ya Mukubwa. Tulimkuta barazani. Alitukaribisha vizuri, akaamuru tuletewe viti na soda, na mimi, kwa aibu yangu, niliinywa kwa sababu nilikuwa na kiu. Mkononi alikuwa na saa ya baba. Alikuwa ameshaifunga kwa mkanda wa chuma, wa kununua sokoni, unaovuta vinyweleo.

Mama alipiga magoti, akaufungua mkanda wetu akaushika kwa mikono miwili. Mukubwa aliuchukua. Aliusoma tena upande wa ndani, kisha akaupeleka puani.

"Inanuka ngombe," alisema, na akamrudishia. "Mama, mukaba naweza kununua hata kumi. Nilitaka yeye anipatie."

"Nakupatia mimi, Mukubwa."

"Weye hauko mwenye saa."

Mama akauliza mume wake yuko wapi. Akajibiwa kwamba alieleza, mambo yamekwisha, na amepanda lori la kwenda Niania kwa kazi ya huko, ng'ombe wa huko pia wanaugua. Niania ni msituni. Mtu mwenye ng'ombe hawezi kusahau kwamba kule hakuna ng'ombe. Mama akauliza atarudi lini. Mukubwa aliinua mkono akatazama saa ya baba yangu, akaitazama kwa muda, kama mtu anayehesabu kweli.

"Utamuona," alisema.

Ninamchukia mtu yule. Padri ananiambia nisamehe na mimi namwitikia padri.

Mama alikwenda Niania, juu ya mizigo ya lori, akauliza kwenye kila hoteli ya njiani na kila kizuizi. Mwanamke mmoja muuza ndizi alimwambia aliona lori limepita, na mzee mwenye koti zuri nyuma yake amekaa amejishika mkono, hapa penye saa. Huenda alimwona kweli. Huenda alimhurumia mama tu. Zaidi ya hapo hatukupata neno lolote, wala siku hiyo wala baadaye. Mukubwa alihamishwa mwaka uliofuata na gari lake jeupe, na aliyekuja badala yake alisema hajui habari za zamani.

Harusi yangu ilifanyika bila ngoma. Watu wa Mahagi walikuwa wema, na waliona aibu kwa mgeni waliyemleta, ingawa hakuna aliyelisema jambo hilo kwa mdomo. Baba zangu wadogo walitaka kuweka matanga. Walisema mtu asiyeliliwa hapumziki, na kwa kuwa hatuna mwili, tuchimbe kaburi, tuuzike mkanda badala yake, kwa kuwa ulimgusa. Mambo hayo hufanyika. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho, akawapa chakula, kisha akawaambia atakayegusa msumari ule atakatwa mkono. Na alikuwa ameshika kisu cha kumenyea viazi, kwa hiyo walimwamini.

Kila mwezi aliupaka siagi. Yule mama aliyesema kwamba mtu ameuza mtamba kununua kamba, ndiye aliyeitunza kamba. Alipougua, katikati ya miaka ya themanini, nilikuja kutoka Mahagi kumuuguza, na siku za mwisho hakuzungumzia watoto wala ng'ombe. Aliniambia nisikubali wauzike mkanda pamoja naye. Nilimuuliza, kwa ukali, maana nilikuwa nimechoka na ninalia, kama kweli bado anadhani baba atarudi. Akanijibu polepole kama anamjibu mtoto.

"Mi sifikiri kitu. Lakini akikuta tumeizika?"

Kwa hiyo ninao. Mgiriki alisema kweli yote: ngozi ni ya ndama aliyechaguliwa, uzi haujalegea hata mmoja, na jina la kampuni bado linasomeka upande wa ndani, isipokuwa herufi mbili zilizoliwa na jasho lake. Tundu la tatu limepanuka kidogo, ndilo lililokuwa lake. Mkwe wangu akinishikilia nijibu kama unastahili bei yake, siku moja nitamjibu. Siupaki siagi kwa imani kama mama. Mara nyingi naupaka kwa hasira, na bado naupaka. Nimejenga nyumba nyingine sasa, ya matofali, na fundi alitaka kujua msumari ule wa zamani nauhamishia wapi. Nilimwambia aupige karibu na mlango, upande wa nje, usawa wa bega, mahali ambapo mtu mwenye haraka anaweza kuufikia bila kubisha hodi.